Kiingereza Changu Kilitoka Kapuni

Inatangazwa kwa wakazi wote wa nyumba hii, yaani mimi, mama yako na yule kuku asiyetaga, kwamba tangu leo saa tisa alasiri meza ya barazani imefungwa kwa shughuli za umma. Mwenye barua ya kuandikiwa, mwenye ombi la kupeleka bomani, au mwenye ugomvi na mpangaji wake unaohitaji maneno makali, na asubiri hadi Jumatatu. Amri hii haina mhuri kwa sababu mhuri sina. Imetolewa hapa Temeke, na mwenye meza.

Mwanangu Veronika,

Meza nimeifunga kwa ajili yako. Kesho asubuhi unapanda gari moshi kwenda bara, chuo cha ualimu, na sasa hivi umetoka na kanga mpya kuwaaga majirani, kwa hiyo ninazo saa mbili hivi kabla hujarudi. Mambo ya chandarua, sabuni, dawa ya homa, na kutokula kitu cha kuuzwa dirishani stesheni ambacho hujui kimepikwa lini, mama yako amekwisha kuyasema mara tatu na atayasema mara ya nne. Mimi siyagusi. Nina jambo moja tu, nalo ni la mtihani.

Unajua yaliyompata kijana wa Mzee Bakari, fundi cherehani. Alikwenda chuoni na sanduku jipya. Wiki ya kwanza, kama tulivyosikia, wakawapa mtihani wa Kiingereza. Wiki ya pili tukamwona hapa mtaani kalibeba sanduku lile lile, anasema amerudi kwa sababu hali ya hewa ya kule haimfai. Kijana yule Kiingereza alifundishwa na walimu. Wewe cha kwanza ulifundishwa na mimi, kwenye meza hii, tangu una miaka sita, na sijawahi kukwambia mimi nilikitoa wapi. Ukienda nacho hivyo hivyo mbele ya watu wenye wino mwekundu watakurudisha, na kosa litakuwa langu, nawe hutajua kwamba ni langu. Basi ndiyo barua yenyewe.

Nilisoma shule miaka miwili, kule milimani Uluguru. Nilijua kusoma na kuandika Kiswahili, na kuimba kanisani kwa lugha ambayo hata aliyetufundisha hakuielewa. Nilipofika Dar es Salaam nikapata kazi ya utarishi katika ofisi moja ya serikali mjini. Kazi yangu ilikuwa kupeleka barua, kuleta barua, kufungua mlango na kuufunga, na kila saa kumi jioni kukusanya makapu ya karatasi kutoka chini ya meza za makarani na kwenda kuzichoma nyuma ya ofisi, ndani ya pipa.

Shule yangu ilikuwa pale kwenye pipa. Karatasi zenyewe zilikuwa nyeupe, zimepigwa taipu, anwani juu, nafasi ya sahihi chini. Nyingine hazikuwa na mkunjo hata mmoja. Nikajiambia, watu hawa ni matajiri wa elimu, wanatupa barua nzima kama maganda ya machungwa. Nikawa nachoma zilizo mbaya na kuweka zilizo nzuri. Nzuri, kwangu mimi, maana yake ni ile isiyomwagikiwa chai. Nilizipanga kwa ukubwa, nikazisoma Jumapili baada ya misa, nikazinukuu katika lile daftari la jalada jeusi unalolijua. Miaka tisa, mwanangu. Niliokota Kiingereza miaka tisa.

Mtu anayejifundisha peke yake hana wa kumuuliza, basi hujiuliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe, na siku zote hujipa alama nzuri. Nilipoona neno moja limeandikwa namna mbili, halikunijia wazo kwamba namna moja ni kosa. Lingenijiaje? Lilitoka serikalini. Nilitafuta sababu. Niliona ‘advice’ katika karatasi moja, ‘advise’ katika nyingine, na yote mawili yamekaa mahali pale pale kwenye sentensi. Nikakaa nayo Jumapili mbili. Mwisho nikaamua kuwa ‘c’ ni ya barua inayopanda kwa mkubwa, na ‘s’ ni ya barua inayoshuka kwa mdogo. Tazama sura zenyewe, nilijiambia: ‘c’ imeinama kama mtu anayeomba, ‘s’ imejikunja kama bwana aliyekaa kitini. Kanuni ile ikakubali ‘practice’ na ‘practise’, ikakubali ‘licence’ na ‘license’. Kanuni inayokubali mara tatu, nani ataikataa?

Nikaendelea. ‘Belief’ na ‘believe’, ‘proof’ na ‘prove’: yenye ‘f’ nikayapa wanaume, yenye ‘v’ nikayapa wanawake, kwa sababu ‘v’ ni laini mdomoni. ‘Loss’ nikaandika kwamba ni hasara ya serikali, na ‘lose’ ni hasara ya mtu binafsi. Ulizikariri zote. Ulisimama hapa barazani mikono nyuma, jino la mbele limetoka, unasema, “C yapanda, s yashuka,” na wapita njia wakisimama kusikiliza. Mzee Bakari siku moja aliacha cherehani yake akaja kukushika kichwa. Alisema, “Huyu ataolewa na gavana.” Nilicheka kwa unyenyekevu, lakini sikumkatalia.

Sasa nikupe habari ya Bi Mwanahawa, ambayo unaijua nusu.

Unakumbuka aliacha kuuza vitumbua karibu mwaka mzima. Ulikuwa darasa la nne. Uliniuliza kwa nini, nikakwambia Wazungu ni vigeugeu. Ilikuwa hivi. Alikuja hapa asubuhi moja, unga bado uko mikononi, akaketi.

“Bwana Tarishi, nataka leseni. Askari wamezidi. Niandikie ombi, kwa Kiingereza.”

Hapo ndipo ilinipasa kusema kwamba Bwana Shauri, yule mkubwa wa boma, anasoma Kiswahili kuliko mimi na wewe, na kwamba maombi ya Kiswahili yanapokelewa kila siku. Nilikuwa nayabeba mwenyewe mikononi. Badala yake nikasema, “La Kiswahili wataliweka chini ya mengine.”

“Ndiyo nasema. Nitilie kile kizito.”

“Kizito kiasi gani?”

“Kama kile ulichomwandikia yule aliyemtoa mpangaji wake. Nasikia mpangaji aliondoka kabla hajasomewa mpaka mwisho.”

Nikamtilia kizito. Mistari kumi ya kuomba. Halafu barua ya heshima haina budi kumalizika kwa heshima, nikafungua daftari nikatafuta mwisho uliotokea kapuni mara nyingi kuliko miisho yote. Ulikuwa mrefu, umetulia, una mlio kama kengele ya kanisa. Nilidhani ni salamu ya kuagana, kama sie tunavyosema wasalaam. Nikaunukuu wote bila kuacha nukta. Maana yake kwa Kiswahili ni kwamba: ninasikitika kukujulisha kuwa ombi hili haliwezi kukubaliwa.

Yaani Bi Mwanahawa aliomba leseni katika mistari kumi, na katika mstari wa kumi na moja akajinyima mwenyewe.

Karatasi ikarudi baada ya siku chache, na pembeni mtu ameandika neno moja kwa wino, ‘Agreed’. Neno lile nililijua. Nikamwambia, “Wamekubali.” Alipiga kigelegele hapa hapa ulipo huo mlango. Akaikunja ile karatasi akaifunga kwenye ncha ya kanga, akaenda kuuza kwa kujidai, tena mbele ya askari, akiwaita waonje. Walipomuuliza leseni akaifungua kanga. Askari naye Kiingereza hakijui, akaipeleka bomani asomewe. Walimsomea. Bi Mwanahawa alirudi nyumbani bila beseni na bila chuma cha kukaangia.

Akaja kwangu. Hakupiga kelele. Alisema tu, “Wamesema nimejikataza mwenyewe. Mwalimu, mie nilijikataza lini?”

Alikuwa ananiita Mwalimu kwa mara ya kwanza, na siku yenyewe ndiyo ile. Nikamjibu maneno ya Wazungu na ugeugeu wao, nikaichukua karatasi, nikasema nitaishughulikia.

Kesho yake nikampelekea karani Eliasafi. Huyu alikuwa kijana wa Kilimanjaro, amesoma misheni mpaka wakaishiwa cha kumfundisha, mpole, viatu vyake vinang’aa hata wakati wa mvua. Nilingoja saa ya chakula nikamkuta kwenye ngazi za nyuma.

Akasoma. Akasoma tena.

“Nani kaandika hii, Mzee?”

“Jirani yangu.”

“Jirani yako mzima?”

“Mzima. Anajifundisha.”

“Kwa kitabu gani?”

Nikaenda nikaleta daftari. Mwanangu, nililileta kwa fahari kidogo, nisikufiche. Nilitaka aone mwandiko. Alifungua kurasa za mwanzo akacheka, nami nikacheka naye. Kisha akaacha kucheka akawa anafungua tu, taratibu, na hapo nikaona mambo yameharibika.

“Haya umeyatoa wapi?”

“Kwenye makapu.”

“Makapu ya hapa?”

“Ya hapa hapa. Lako pia.”

Akalifunga daftari akaniwekea magotini. “Mzee wangu, barua ikiwa nzuri inakwenda wapi?”

“Posta. Naipeleka mwenyewe.”

“Na kapuni zinaingia zipi?”

Kulikuwa na mfagizi anapita na ndoo, nikamwangalia mpaka akaishia kwenye kona. Miaka tisa nilibeba barua sahihi kuzipeleka posta zikiwa zimefungwa kwa gundi, na makosa nikayachukua nyumbani kuyasomea. Makarani wakikosea neno wanang’oa karatasi kwenye mashine wanaitupa, na mimi nipo chini naidaka. Kila kosa lililofanywa katika ofisi ile nililihifadhi, nikalipa kanuni, nikakufundisha.

Eliasafi hakunisimanga. Angenisimanga ningepona upesi zaidi. Alinifundisha pale pale kwenye ngazi, saa ya chakula, siku tatu. Alisema, “Moja ni jina la jambo, la pili ni kulitenda. Hakuna kupanda wala kushuka. ‘Advice’ ni ushauri, ‘advise’ ni kushauri. ‘Belief’ ni imani, ‘believe’ ni kuamini. Wewe kwa Kiswahili utasema ‘mimi naimani Mungu’?”

“Nitachekwa.”

“Ndivyo wanavyocheka na wao. Sisi Waswahili tunalibadilisha neno zaidi kichwani, uchaguzi na kuchagua, upotevu na kupoteza. Waingereza wanabadilisha mkiani, tena kidogo, herufi moja, kama mtu aliyebadilisha kofia tu. Usipotazama mkia utampa huyu salamu za yule.”

Nilielewa kwa dakika ishirini jambo lililonishinda miaka tisa. Usidhani ni akili. Nilikuwa na mtu wa kumuuliza.

Ombi la Bi Mwanahawa nikaliandika upya kwa Kiswahili, mistari sita, na mwisho nikaweka jina lake tu. Leseni ilitoka, ingawa kile chuma chake hakikuonekana tena na ikambidi angoje mpaka shemeji yake amletee kingine kutoka Bagamoyo. Mpaka wiki iliyopita alikuwa akiwaambia watu kwamba barua yangu ya pili ilikuwa na Kiingereza kizito kuliko ya kwanza. Wiki iliyopita nikaenda nikamweleza yote. Nilitaka kujizoeza kabla yako. Alikuwa anageuza vitumbua, akaendelea kugeuza mpaka akamaliza duru nzima.

Halafu akasema, “Kwa hiyo mwaka mzima nilikuwa namwapiza Mzungu wa watu bure.”

“Ndiyo.”

“Na wewe unapita hapa kila siku unaniamkia.”

“Ndiyo.”

“Haya.” Basi. Ila tangu siku hiyo ananiuzia vile vilivyoungua, na mimi nakula.

Sasa ninakuja penye uzito, ndiyo maana mstari uliopita nimeufuta mara mbili.

Ulikuwa umeingia darasa la tano. Eliasafi alikuwa amekwisha kunifundisha, yapata miezi minane nyuma. Ninarudia ili usije ukanitafutia udhuru: nilikuwa nimekwisha jua. Ulirudi shuleni mchana, ukaja moja kwa moja mezani hujanywa hata maji, ukaniwekea daftari lako. Mlikuwa mmeambiwa mtunge sentensi juu ya wazazi. Wewe uliandika, ‘My father gives me good advise.’ Kwa ‘s’, kwa sababu baba yuko juu na mtoto yuko chini, na neno linashuka. Ulikuwa umeitii kanuni barabara. Juu yake pana mstari mwekundu.

“Baba, mwalimu kasema siyo.”

“Kasemaje?”

“Kasema pale panataka jina, mie nimeweka kitendo. Nikamwambia c yapanda, s yashuka. Wamecheka wote.”

Ukanitazama. Hukuwa na shaka hata chembe. Ulikuwa unangoja nikupe jibu la kwenda kumpa mwalimu. Mimi nilikuwa na jibu la kweli hapa kwenye ulimi, lenye maneno matatu, ‘mwalimu amesema kweli’, na nikalimeza. Nilisema, “Kuna Kiingereza cha shule na kuna Kiingereza cha ofisi. Mwalimu wako anakijua cha shule.”

Uso wako ukakunjuka. Kesho yake ukaenda ukamwambia hivyo hivyo, mbele ya darasa, na akakusimamisha ukutani mpaka kengele ya mchana. Nilipata habari kwa mtoto wa jirani. Wewe uliporudi hukulia. Ulisema tu, “Nilimwambia, baba,” kama mtu aliyefikisha barua.

Hukuleta tena daftari la Kiingereza kwenye meza yangu. Hesabu ulileta, jiografia ulileta, hata ushonaji ulinionyesha, ambao sijui kitu. Kiingereza hukuleta. Mama yako aliniuliza, “Siku hizi mtoto humfundishi?” Nikasema amekua. Nilijua siyo kukua. Ila sikujua, na mpaka leo sijui, kama uliacha kuniamini au uliacha kujaribu. Kama ni la kwanza, umepona. Kama ni la pili, basi unalo daftari langu zima kichwani, na wiki ijayo litakutoka mkononi mbele ya msahihishaji.

Umeona sasa ninachoogopa.

Kwa nini nilidanganya? Nimejitafutia sababu nzuri nzuri miaka mitano, na kila moja nikiigeuza naona mgongo wake. Nilisema nisimvunje mtoto moyo. Nilisema atajua mwenyewe akikua. Sababu yenyewe ni kwamba kazini nilikuwa tarishi kwa Wazungu, Mwalimu kwa Bi Mwanahawa, na kwako nilikuwa mtu anayejua. Vyeo viwili vya kwanza ningeweza kuvipoteza nikala ugali wangu nikalala. Cha tatu nilikishikilia, nikakulipisha wewe ukutani.

Haya, nikupe nilichonacho. Si kingi.

Ukiwa huko ukaona kitu kizuri kimewekwa mahali pepesi pa kuokota, maneno, desturi, hata mtu, uliza kwanza kilifikaje pale. Mimi sikuuliza. Nilifurahia tu kwamba hakuna anayenizuia, na kumbe hakuna anayezuia takataka.

Na ukikosea, kosea kwa sauti, mapema, mbele ya mtu anayeweza kukwambia. Mimi nilikosea kimya kimya na kwa mwandiko mzuri. Mwandiko mzuri umenidhuru sana, Vero. Watu wanaona mistari imenyooka wanadhani na maneno yamenyooka.

La tatu ni la kazi yako mwenyewe, maana utakuwa mwalimu. Siku moja atasimama mtoto mbele yako aseme jambo la kipuuzi kabisa, na darasa litacheka, na utakapomuuliza amelitoa wapi atasema, “Baba kaniambia.” Usimpeleke ukutani. Muulize baba yake anafanya kazi gani. Utawasahihisha wote wawili kwa siku moja.

Na yale maneno, haya hapa kwa mara ya mwisho, jinsi alivyonipa Eliasafi kwenye ngazi. Yasome njiani, safari ni ndefu. ‘Advice’, ‘practice’, ‘licence’, kwa ‘c’, ni majina, vitu vyenyewe. Kwa ‘s’ ni kutenda: kushauri, kufanya mazoezi, kutoa leseni. ‘Proof’ ni ushahidi, ‘prove’ ni kuthibitisha. ‘Choice’ ni uchaguzi, ‘choose’ ni kuchagua. ‘Loss’ ni hasara, awe ameipata gavana au mwuza vitumbua, na ‘lose’ ni kupoteza. ‘Success’ ni mafanikio, ‘succeed’ ni kufanikiwa. ‘Breath’ ni pumzi, ‘breathe’ ni kupumua, na hilo ulifanye kabla hujaanza kuandika. Wanaume na wanawake hawamo humu hata kidogo. Ukisita, jisemee sentensi yako kwa Kiswahili kwanza, usikie kama umeweka jambo au tendo. Ndivyo ninavyofanya mimi hadi leo, midomo inacheza, watu wa meza ya barazani wanadhani nasali.

Lile daftari jeusi usihangaike kulitafuta. Nilimpa Eliasafi alipohamishwa Tabora, aliliomba. Alisema akiwa na huzuni atakuwa analisoma.

Sasa nikwambie kwa nini, pamoja na yote haya, usiku nalala usingizi. Mwaka jana tulimpeleka mama yako zahanati, wakatupa dawa yenye karatasi ya Kiingereza. Mimi niliichukua nikaanza kuisoma kwa sauti ya ofisi. Wewe ukaniomba, ukaisoma kimya, ukafika katikati ukasema, “Hapa sijui. Ngoja nikaulize.” Ukarudi dirishani ukamuuliza dresa, yule mgawa dawa, mbele ya watu wote waliopanga foleni, ukarudi umejua. Mama yako hakuliona kuwa ni jambo. Mimi niliketi pale kwenye benchi nikikutazama. Katika miaka yangu tisa ya makapu sikuwahi kusema maneno yale mawili kwa sauti, na wewe umeyasema kama mtu anayeomba kupitishiwa chumvi.

Mtu anayeweza kusema vile hawezi kurudishwa kwa mtihani. Utakosea moja mbili, watakwambia, hutarudia. Na ikiwa mimi nimekosea na wakakurudisha, usije ukatuambia habari za hali ya hewa. Njoo useme, “Baba, ni c yapanda, s yashuka,” nami nitakwenda stesheni kukupokea na kulibeba sanduku mimi mwenyewe mtaa mzima, na kila atakayeuliza nitamweleza la makapu kuanzia mwanzo. Nimekwisha kujizoeza kwa Bi Mwanahawa.

Lakini hutarudi. Nakuona unafundisha.

Mungu akutangulie, na wewe umfuate kwa karibu.

Baba yako.

Nilikuwa nataka kuifunga barua, mama yako akatoka ndani na nguo zako za kukunja. Amekaa ngazini, akauliza kama bado naandika. Nikasema nimemaliza. Akauliza ni habari gani hiyo ya kurasa zote hizi, kwa mtoto ambaye bado yupo, yuko nyumba ya tatu anakunywa chai. Nikamwambia ni ya mtihani wa Kiingereza wa wiki ya kwanza, ule uliomrudisha kijana wa Mzee Bakari.

“Yule alirudishwa kwa kupigana,” amesema. “Mtihani wa nini?”

Nikamweleza tena. Amekunja gauni moja, akalinyoosha kwa kiganja, akalitia kwenye sanduku.

“Baba Vero, huo wameufanyia kule kule shuleni kwao, mwezi wa tatu. Mwanao alinikataza nisikwambie, alisema utataka kumsaidia. Kafaulu.”